AC ya gari haipozi: kabla ya kutia gesi, tazama upepo

Kaskazi ikishashika, Januari na Februari, jua la Unguja linapiga utosini na upepo wenyewe unakuja na jasho. Hapo ndipo mafundi wa AC wanapofurika magari: Noah na Alphard za kubebea wageni, Vitz na IST za kwendea kazini, Escudo za watu wa shamba. Malalamiko ni yale yale, haipozi, na jibu mara nyingi huwa tayari hata boneti haijafunguliwa: gesi imeisha, tutie gesi. Mwenye gari hulipa, hutoka na ubaridi wa kumfikisha nyumbani, na wiki mbili tatu baadaye yuko pale pale.

Gesi kweli hupungua, na ikipungua AC hufa. Lakini kati ya yote yanayoichosha AC ya gari huku visiwani, gesi ndiyo inayosingiziwa zaidi. Makosa mengi yako kwenye upepo, na upepo wenyewe ni wa aina mbili: ule wa nje unaopaswa kupita kwenye kondensa mbele ya gari, na ule wa ndani unaopaswa kupita kwenye evaporeta, kile kipozeo kilicho nyuma ya dashibodi. Vyote viwili unaweza kuvikagua mwenyewe bila geji, kile kifaa cha fundi cha kupimia presha ya gesi.

Gesi haiungui

Petroli inaungua na kutoka kwa silensa. Gesi ya AC haiendi popote. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mzunguko ule ule, gari linapokuwa jipya na linapokuwa kuukuu. Kompresa, pampu inayoendeshwa na injini kwa mkanda, inaibana mpaka inakuwa moto sana. Kondensa, ule wavu wa alumini uliokaa mbele ya rejeta, unatupa joto hilo nje na gesi inageuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye tundu jembamba la valvu ya ekspansheni, presha inaanguka ghafla, na kinaanza kuchemka ndani ya evaporeta. Kinapochemka kinanyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani. Ukijua kwa nini maji ya mtungi wa udongo huwa baridi hata mchana wa jua kali, umeshaelewa: maji yanayotoka nje ya mtungi na kukauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Tofauti ni kwamba gesi ya R134a, inayotumika kwenye magari mengi tuliyo nayo, ikiachwa kwenye presha ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri. Ndani ya evaporeta presha yake inashikiliwa ili ichemkie juu kidogo ya sifuri, baridi ipatikane bila barafu.

Kwa hiyo gesi ikipungua, imevuja. Kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na kwenye sili ya kompresa mwaka hadi mwaka, na gari la miaka kumi na kitu ambalo halijawahi kuguswa linaweza kuhitaji nyongeza bila ya kuwa na tundu la kuonekana. Lakini gari linalotiwa gesi kila kaskazi lina tundu. Kulitia tena bila ya kulitafuta tundu ni kununua ubaridi wa kukodi.

Fukuto letu si joto la Dodoma

Watu wanaoleta magari kutoka bara huapa kwamba AC ilikuwa ikigandisha kule, ikaharibika ilipovuka bahari. Mara nyingi haikuharibika kitu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kwetu, hubeba karibu gramu 20 za maji katika kila kilo ya hewa. Ukiipoza hadi nyuzi 10 inaweza kubakiwa na gramu kama 8 tu. Zile 12 lazima zitoke kama maji pale kwenye evaporeta. Kuishusha hewa yenyewe kwa nyuzi 20 ni kazi ya kilojuli kama 20. Kuugeuza ule mvuke kuwa maji ni kilojuli kama 30 nyingine. Maana yake zaidi ya nusu ya nguvu ya AC hapa inaishia kukamua maji, kazi ambayo pahala pakavu karibu haipo.

Ndiyo maana kitufe chenye alama ya mshale unaojizungusha ndani ya gari kina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukikibonyeza, evaporeta inapokea hewa ya ndani ambayo imeshakamuliwa na kupozwa. Ukikiacha, kila sekunde inapokea hewa mbichi ya nje yenye gramu zake 20. Nimeona magari yaliyopelekwa kwa fundi kwa sababu ya kitufe hiki tu. Gari lililoachwa juani lifungue vioo kwanza, lende dakika moja mbili likitoa lile joto la tanuri, ndipo ufunge na kubonyeza.

Na kuna imani moja ya kuacha: kwamba maji yakidondoka chini ya gari, AC ni nzima. Katika hewa niliyoitaja, chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi hutoka jasho. AC iliyochoka vibaya, inayotoa hewa ya nyuzi 18, nayo itadondosha. Maji yasipodondoka kabisa ndipo pa kushituka: ama haipozi hata kidogo, ama bomba la kutolea maji limeziba na zulia la abiria linalowa kimya kimya.

Inapoza wakati gani?

Swali hili lina thamani kuliko geji, na fundi asiyeliuliza ana haraka ya kuuza gesi.

Ikiwa inapoza vizuri ukiwa njiani kuelekea Paje, halafu inageuka vuguvugu ukiingia foleni ya Darajani au ukimsubiri mgeni uwanja wa ndege, tatizo ni upepo wa nje. Ikiwa inaanza baridi kali, kisha baada ya nusu saa upepo unafifia mpaka unakuwa wa kunong'ona, evaporeta inaganda. Zima AC lakini uache feni ya ndani ikipuliza kwa dakika kumi; maji mengi yakimwagika chini na nguvu ya upepo ikarudi, umethibitisha. Ikiwa upepo ni mdogo tangu mwanzo lakini ni baridi, tazama filta. Ikiwa upepo ni mwingi na joto ni lile lile, upande wa kupoza una kasoro. Na ukisikia kompresa ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, tik, kimya, tik, hapo sasa gesi inashukiwa kihalali, kwa sababu swichi ya presha inaizima kompresa kila presha inaposhuka mno. Presha ikipanda mno matokeo yanaweza kufanana na hayo, kwa hiyo hata hapo usitoe hukumu kwa sikio.

Kipimajoto cha jikoni chenye ncha kinatosha kwa upimaji wa nyumbani. Kichomeke kwenye tundu la katikati, vioo vimefungwa, kitufe cha mzunguko wa ndani kimebonyezwa, gari linakwenda. Kati ya nyuzi 6 na 12 ni afya. Likiwa limesimama mchana wa kaskazi, 14 si jambo la kugombana na mtu. Ukiona 18 au 20 huku gari likiwa kwenye mwendo, una kesi. Alphard iliyopakia watu saba isihukumiwe pamoja na Vitz yenye dereva peke yake: kila mwili uliokaa unatoa joto la wati 100 hivi, na mlango mkubwa ukifunguliwa kila kituo cha kupiga picha, fukuto lote linaingia upya.

Upepo wa nje

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo visiwa vinapotuumiza.

Kwanza feni. Kwenye Toyota nyingi ndogo, feni ya umeme ya mbele inapaswa kuanza kuzunguka mara AC inapowashwa, hata injini ikiwa bado haijapata moto. Isipowaka, angalia fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha, kabla ya kununua mota. Lakini feni kuzunguka hakutoshi. Mota iliyochoka huzunguka kivivu. Na nyaya zikigeuzwa wakati wa matengenezo, feni huzunguka kinyume na kuusukuma upepo mbele badala ya kuuvuta nyuma, ikawa inapigana na upepo wa gari lenyewe. Chukua karatasi, iweke mbele ya griili gari likiwa limesimama na AC imewashwa. Inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania pale. Ikianguka au ikipeperuka, feni haifanyi kazi yake. Fanya hivyo ukiwa mbali na mkanda na pangaboi, na mwenye kanzu au buibui akunje kabisa nguo yake.

Pili, uchafu. Ukichungulia kutoka mbele utaona kondensa safi na kuridhika. Nyuma yake, kwenye uwazi mwembamba kati ya kondensa na rejeta, ndipo yanapokusanyika manyoya, majani makavu na lile vumbi jeupe la barabara za mawe ya matumbawe, mpaka yanafanya godoro. Upepo ukifika hapo unarudi. Dawa yake ni kulegeza rejeta, kuisogeza, na kuosha kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine za kuoshea gari kwa nguvu hulaza yale mapezi membamba ya alumini ya kondensa, na pezi lililolala ni mlango uliofungwa.

Tatu, chumvi. Magari yanayolala Nungwi, Jambiani au popote bahari inapopumulia karibu huliwa kondensa polepole. Gusa mapezi kwa kidole gumba. Yakiwa mazima yanachoma kidogo na kupinda. Yaliyoliwa yanageuka unga wa kijivu na kubaki kidoleni. Mabomba ya ndani yanaweza kuwa bado hayajatoboka, gesi ikawa kamili na feni nzima, lakini joto halina njia ya kutoka kwenye bomba kwenda kwenye upepo kwa sababu pezi halishikani tena na bomba. Gari la namna hii linaweza kutiwa gesi mara kumi. Linahitaji kondensa nyingine.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Simamisha gari, washa AC yote, subiri dakika tano, soma kipimajoto. Kisha mtu aimwagilie kondensa maji taratibu kutoka mbele, kwa ndoo au mpira, bila ya kulowesha nyaya za injini. Tuseme kilikuwa kwenye 19, na ndani ya dakika moja au mbili kikashuka hadi 13. Hapo gesi haina kosa. Maji yamefanya kazi ambayo upepo umeshindwa kuifanya. Kisiposhuka, endelea kutafuta.

Geji inasema nini, na nini haisemi

Fundi akifunga geji injini ikiwa imezimwa, akatazama, akasema "gesi nusu", muombe asitie kwanza. R134a iliyotulia ikiwa na joto la nyuzi 30 huonyesha psi (kipimo cha presha) 97 hivi, iwe imebaki gramu 150 au imejaa gramu 450. Maadamu ndani kuna kimiminika na mvuke pamoja, presha inafuata joto, haifuati wingi. Kipimo hicho kinaweza kukwambia kwamba mfumo ni mtupu kabisa. Zaidi ya hapo hakisemi kitu.

Injini ikiwaka ndipo geji mbili, ya buluu kwa upande wa presha ya chini na nyekundu kwa upande wa presha ya juu, zinapoanza kuzungumza. Mchana wa nyuzi 32, upande wa chini kati ya psi 30 na 45 na upande wa juu kati ya 200 na 270 ni hali njema kwa magari mengi. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua kweli. Zote mbili zikiwa juu, kondensa haipozi, au gesi imezidi, au ndani kuna hewa. Na hapa ndipo kuongeza gesi kunapoua kompresa. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka, haibani tena. Upande wa chini ukizama kuelekea sifuri, kuna kuziba, na mara nyingi ni kwenye valvu ya ekspansheni.

Gesi kuzidi ni kosa tulilolizoea kwa sababu tunatia kwa macho. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema aina ya gesi na uzito wake. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 300 na 600, na kwa mfumo mdogo hivyo, gramu 100 kupita kiasi inaonekana wazi kwenye ubaridi. Fundi mwenye mizani ndogo ya kukalishia chupa ya gesi ana thamani kuliko mwenye geji za kung'aa.

Kisha kuna kuvuta. Mfumo ukifunguliwa, hewa yetu inaingia na maji yake. Pampu ya vakyumu inayotoa hewa mpaka presha ndani ishuke chini ya sehemu moja ya 25 ya presha ya kawaida huyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 30 na kutoka kama mvuke. Hilo linahitaji nusu saa au zaidi, na baada yake pampu inazimwa na geji inaangaliwa kama sindano inatambaa kurudi. Ikitambaa, kuna tundu, na umelijua kabla ya kupoteza gesi. "Fundi, nakuomba uivute kwanza, nitasubiri" ni sentensi isiyomuudhi fundi yeyote anayeijua kazi yake.

Tundu lenyewe mara nyingi linajichongea. Gesi inapotoka hutoka na mafuta ya kompresa, na mafuta hushika vumbi. Doa jeusi lenye unyevu kwenye kiungo cha bomba, kwenye kona ya kondensa au kwenye shingo ya kompresa ndipo pa kupaka povu la sabuni. Evaporeta ikitoboka ni taabu zaidi, kwa sababu dashibodi nzima hushuka.

Jihadhari pia na gesi ya bei ya kushangaza. Mwaka 2011 makontena ya majokofu ya meli yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua watu, baada ya kutiwa gesi bandia yenye R40, kemikali inayoshambuliana na alumini. Na anayekushawishi kutia gesi ya kupikia kwa sababu "nayo inapoza" anasema kweli, inapoza. Inawaka pia, na evaporeta yako iko mbele ya magoti ya abiria.

Upepo wa ndani

Huku ni rahisi. Kwenye magari mengi ya Kijapani filta ya hewa ya ndani iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Unabana pande mbili za kisanduku, kinaning'inia, unavuta trei. Gari linalolazwa chini ya mwembe litakupa humo majani, maua na pengine kiota cha panya. Watu wanalimiliki gari miaka mitano bila kujua kitu hicho kipo. Filta ikishajaa, evaporeta haipati hewa, inaganda, na mwenye gari anaambiwa gesi.

Ikiwa hakuna filta kabisa, kwa kuwa fundi fulani aliitoa akaitupa, uchafu umehamia kwenye evaporeta yenyewe. Harufu ya nguo iliyokaa mbichi unapowasha AC asubuhi ni ukungu unaoishi juu yake. Dakika mbili tatu kabla ya kufika, zima AC na uache feni ikipuliza, ikauke.

Mkanda uliolegea hupiga kelele, kwa hiyo hujitangaza wenyewe. Pazia la kuchanganya hewa ya moto na baridi ndani ya dashibodi halijitangazi. Huku hakuna anayetumia hita, na kitu kisichosogezwa miaka hung'ang'ania. Sogeza kitasa cha joto toka mwisho huu hadi mwisho ule mara kadhaa; ikiwa ubaridi haubadiliki hata kidogo, pazia limekwama na hewa ya hita inaingia.

Kwa wenye haibridi

Aqua na Prius, magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, zinaongezeka barabarani na zina masharti yao. Kompresa yao inaendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, haina mkanda, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili mtu asizishike. Mafuta yake ni ya aina isiyopitisha umeme. Fundi akitia mafuta ya kawaida ya kompresa, hata kwa mabaki yaliyomo kwenye mipira ya geji, kinga ya umeme ndani ya kompresa inaharibika na gari linaweza kuwasha taa ya onyo na kukataa kwenda. Muulize fundi anatumia mafuta gani kabla hajaunganisha kitu. Magari mapya zaidi yana gesi ya R1234yf badala ya R134a, na hizo hazichanganywi. Kibandiko chini ya boneti kinasema ni ipi.

Likija suala la kubadili kompresa, wengi wetu hununua ya mtumba, Darajani au Chake Chake. Iko nzuri na iko mbaya, na kwa macho zinafanana. Mafuta yaliyomo hunywa maji ya hewani haraka, na kompresa iliyokaa rafu ya duka masika nzima huku matundu yake yakiwa wazi imeshakunywa ya kutosha. Zungusha kitovu chake kwa mkono usikie kama kinakwaruza, kisha tazama yale matundu mawili ya mabomba. Yakiwa yamezibwa tangu ilipotolewa kwenye gari, mnaweza kuzungumza bei.